Pindo la Kushoto

Ukitaka fremu iliyonyooka katika mji ule, utaelekezwa kwa mwanamke mmoja tu, tena kwa onyo: ukimkuta na penseli sikioni usimsalimie, ngoja amalize kupima. Wachoraji walimbandika jina la Fundi Pembe, kwa sababu pembe za fremu zake hazipitishi hata unywele. Naye alilijua hilo, jamani, alilijua mno! Kizuri hakikosi ila, na ila ya Fundi Pembe ilikuwa kuamini kwamba mkono wake haukosei.

Karakana yake iko nyuma ya duka la vioo. Ina meza moja pana kama kitanda cha watu wawili, misumeno ukutani, makopo ya gundi, na sanduku la vipande vya kitambaa vilivyokatwa kwenye picha za watu, ambavyo hufutia mikono. Aliingia humo akiwa na miaka ishirini, kuja kufagia. Mwenye karakana wakati huo alikuwa mtu mfupi mwenye hasira za karibu, wakimwita Bwana Rula. Siku moja Bwana Rula alimnyang'anya ufagio, akamsimamisha mbele ya picha ya soko na kumuuliza anaona nini.

"Ndoo nyekundu," binti akajibu.

"Ndoo ni mlango tu! Jicho limeingilia hapo, haya, sasa linakwenda wapi? Au umeingia nyumba ya watu ukaganda mlangoni kama karani wa sensa?"

Binti akaangalia tena. Kutoka kwenye ndoo jicho lilipanda mkono wa muuzaji, likafuata vichwa vya wanunuzi kimoja baada ya kingine, likaishia pembeni kabisa, kwa mama mmoja mwenye mafungu matatu ya nyanya ambaye hakuna hata mtu mmoja aliyemgeukia. Roho ilimuuma binti bila kujua kwa nini.

"Ehee," Bwana Rula akasema. "Huko ndiko ulikokuwa unapelekwa muda wote. Ole wako upigilie msumari picha ambayo hujaitembea mpaka mwisho."

Kwa miaka thelathini na ushee Fundi Pembe aliishika kanuni hiyo. Aliivunja mara moja tu, na kwa bahati mbaya aliivunja kwa wifi yake.

Hapo sasa inabidi nikwambie habari za ukoo. Mume wa Fundi ni dereva wa gari la mikate, mtu wa mizaha, bega lake la kulia limeshuka kwa miaka mingi ya kubeba kreti. Alipotaka kumwoa Fundi, mama yake aligoma katakata. Mchumba alimzidi mwanawe miaka sita, tena alikuwa ameshaachika mara moja. "Ukimwoa huyo, mlango wangu usiukanyage," mama alisema. Mtoto naye alikuwa na kichwa kigumu kilekile cha mama yake, akamwoa, na mlango hakuukanyaga. Mwaka ukapita, wa pili ukapita. Mama akaugua, akafa, na mwanawe hakuonekana hata mara moja kando ya kitanda. Alikuja kuzika. Alisimama nyuma ya watu wote, na shangazi yake akamgeukia akamuuliza kwa sauti ya kusikika, "Umekuja kuhakikisha?"

Tangu siku hiyo, miaka mitatu, yeye na dada yake mdogo hawakuzungumza ila salamu za kupitia kwa Fundi. Na Fundi mwenyewe, ingawa hakuna aliyemtamkia usoni, alijua anavyohesabiwa katika ule ukoo. Yeye ndiye mwanamke aliyemnyima mama wa watu mwanawe. Jambo hilo lilimkaa kooni kama mfupa wa samaki, haliendi chini wala halirudi juu.

Huyo dada mdogo ndiye yule wifi, naye ni mchoraji. Jumatatu alikuja karakanani na kitambaa kikubwa kimeviringishwa, akakiweka mezani taratibu.

"Wifi, hii ndiyo ya mama," alisema. "Inatundikwa Alhamisi, ukumbi wa maktaba, saa kumi jioni. Mwambie kaka aje aione."

"Si umwambie mwenyewe? Mdomo unao."

"Mwambie wewe. Akija, amekuja."

"Na picha yenyewe inahusu nini?"

"Wifi nawe! Picha ikihitaji mkalimani, bora ningeandika barua." Akaondoka zake.

Sasa sikiliza lilivyotokea kosa. Wachoraji wa pale huacha pindo, yaani ukingo wa kitambaa usio na picha, ili fundi apate pa kugeuzia nyuma ya kiunzi cha mbao na kupigilia misumari. Pindo hilo hupakwa rangi ya kijivu ileile inayopakwa kitambaa chote kabla ya kuchora, na mchoraji mwangalifu hupiga mstari wa mkaa kuonyesha picha yake inaishia wapi. Wifi hakuwahi kupiga mstari. Miaka kumi na mitano Fundi alimkatia kwa jicho tu, na hakulaumiwa hata siku moja.

Jumanne akakifungua kitambaa. Mama mkwe yuko kitandani, amelazwa juu ya mito. Upande wa kulia wa kitanda wanawake watatu, wifi mwenyewe, shangazi na mama mdogo, wamebanana goti kwa goti, kiwiko cha huyu ubavuni mwa yule. Upande wa kushoto wa kitanda sakafu tupu, na baada ya sakafu, ukuta wa kijivu, shubiri mbili nzima. "Huyu naye," Fundi akajisemea, "nafasi yote hii, watu kawarundika kona moja kama magunia." Akaweka rula. Akaona kabisa kwamba kijivu kile kikiondoka, kitanda kinakaa katikati na picha inasimama wima. Kazi nyingine mbili zilikuwa zinamngoja. Na pia, tuseme ukweli, uso wa mama mkwe ulikuwa unamtazama vibaya, hakutaka kukaa nao muda mrefu. Akachukua kisu, akaacha ukingo mwembamba wa kugeuzia, akakata kile alichodhani ni pindo la ziada, akakitupa sandukuni.

Alhamisi saa tatu asubuhi picha ilikuwa tayari, imevikwa fremu ya mbao nyeusi, imetundikwa ukutani kwa majaribio. Wifi angekuja kuikagua saa sita. Mume angekuja na gari saa saba kuibeba. "Kubeba nitabeba," alikuwa amemwambia mkewe asubuhi. "Kuitazama, tutaona." Fundi akavuta kigoda, akamimina chai, na kwa mara ya kwanza akaitazama ile picha.

Jicho liliingilia kwenye shuka jeupe. Likapanda uso wa mama. Mama alikuwa anatazama kushoto. Likahamia kwa wifi, naye kushoto. Shangazi, kushoto. Mama mdogo, kushoto. Macho manane yalikuwa yanatazama ubao wa fremu.

Fundi akaweka kikombe chini. Akaona ukingoni kabisa, kando ya fremu, alama ya kijivu kizito, nene kama kidole, inashuka wima. Akadhani ni gundi. Akachovya pamba kwenye maji, akafuta. Haikutoka. Akafuta tena, na safari hii mikono yake ilijua kabla yake kwamba ile ilikuwa rangi iliyopakwa kwa makusudi.

Alilimwaga sanduku lote sakafuni. Akakipata kile kipande, kona yake moja imegandana kwa gundi aliyoifutia hapo Jumatano. Akakipeleka dirishani. Kwa mbali kilikuwa kijivu kitupu, kama alivyokiona Jumanne. Kwa karibu, kijivu juu ya kijivu, kulikuwa na kivuli cha mtu kimeanguka ukutani, kivuli kirefu cha jua la alasiri, cha mtu aliyesimama mlangoni nje ya picha. Kichwa. Mkono umeshika fremu ya mlango. Mabega mawili, na la kulia limeshuka. Ile alama nene iliyobaki kwenye picha ilikuwa ukingo wa kivuli hicho.

"Mungu wangu," Fundi akasema. "Alikwenda."

Miaka mitatu analala na mtu huyu kitanda kimoja, na hakujua. Alikwenda, akasimama mlangoni, akaondoka, akaumeza ule usemi wa shangazi makaburini bila kufumbua mdomo. Na yeye, mkewe, amechukua kisu akamkata.

Akakishika kipande karibu na picha, pahali pake, ili aitembee mpaka mwisho kama alivyofundishwa. Sasa yale macho yalikuwa na kitu cha kutazama. Sasa alielewa kwamba wanawake wale hawakurundikwa kwa kukosa ufundi. Lakini palikuwa na jambo jingine lililomtia baridi. Mkono wa kushoto wa mama mkwe haukuwa umelala. Ulikuwa umeinuka kidogo juu ya shuka, kiganja chini, vidole vimelegea, umeelekezwa kwenye kile kivuli. Ulikuwa unamwambia njoo, au unamwambia nenda? Alijaribu kwa mkono wake mwenyewe. Mgonjwa asiye na nguvu, akiinua vidole mara moja na kuviangusha, utajuaje? Alimkumbuka yule mama na ule mlango wake usiokanyagika, na akaamini ni nenda. Akaogopa. Leo saa saba mume wake angesimama mbele ya picha hii na kufukuzwa na mama yake upya, mchana kweupe, kisha ukumbini mbele ya watu.

Shetani hana kazi nyingine, akamjia. Mwambie wifi taka zimeshachukuliwa. Kipande hakipo, kivuli hakipo, picha inabaki wanawake watatu na mgonjwa wao, basi. Fundi alikunja kile kipande mkononi. Halafu akafikiria mume wake akitazama picha ile iliyokatwa, akiona kwamba hata dada yake amemchora kuwa hakuja. Akashindwa. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Akaishusha picha ukutani na kuanza kung'oa misumari.

Alikuwa ameng'oa nusu simu ikalia. "Wifi, nimemaliza mapema," sauti ikasema. "Nakuja sasa hivi."

"Njoo saa sita kama tulivyosema!"

"Nimeshapanda ngazi za duka la vioo, wifi. Kuna nini?"

Hakuwa na hata dakika ya kutunga uongo. Wifi aliingia akakuta fremu imelazwa chini, picha kifudifudi mezani, na Fundi ameshika kipande cha ukuta wa kijivu. Akakitambua papo hapo. Mkoba ukamdondoka.

"Umemkata kaka yangu."

"Nimemkata. Nilidhani ni pindo."

"Shubiri mbili, pindo? Wewe? Wewe unayejua kama msumari umeenda upande ukiwa umefumba macho?"

"Sikuitazama, wifi. Nilipima tu."

"Uliitazama!" Wifi akamsogelea. "Ulikiona kivuli chake, ukaona anakwenda kwa mama yake, ukamkata abaki wako peke yako. Miaka mitano ndiyo kazi yako!"

Hilo neno lilikuwa limengoja muda mrefu, na lilipotoka liliuma kama lilivyotarajiwa. Fundi akapiga meza kwa kiganja.

"Na wewe je? Ulijua alikuja! Ulikuwa makaburini, ukasikia shangazi anavyomvua nguo mbele za watu, ukanyamaza na kivuli chake kichwani mwako! Mimi nimemkata juzi, wifi. Wewe umemkata miaka mitatu."

Upande wa pili wa ukuta mtu wa duka la vioo alizima mashine yake, bila shaka apate kusikia vizuri.

"Nilikiona kivuli tu," wifi akasema mwishowe, sauti imeshuka. "Nilitoka nje nikakuta ngazi tupu. Nikajiuliza, ni yeye au ni jirani amepita? Nikasema nitangoja aseme mwenyewe. Hakusema. Nikachukia kwamba hasemi. Kisha nikaanza kuchora, na lile bega likaja lenyewe." Akajifuta pua kwa mkono wa gauni. "Kinaungika?"

"Kinaungika. Lakini alama itabaki."

"Ibaki. Lete gundi."

Wakaanza kazi. Fundi alipaka gundi nyuma, akalaza ukanda wa kitambaa kizito cha pamba juu ya maungio, wakageuza kitambaa wote wawili kwa pamoja kama watu wanaomgeuza mgonjwa. Kwa mbele uzito hauwekwi, utapasua rangi. Unabana kwa vidole, kingo mbili zikutane uzi kwa uzi, na huachii mpaka gundi ishike. Fundi alikuwa ameinama hivyo, mikono yote miwili juu ya mstari wa kukata, aliposikia honi nje. Gari la mikate. Lilikuwa limewahi.

"Mfunike!" Fundi akasema kwa kunong'ona. "Wifi, chukua lile shuka la kufunikia kazi, mfunike. Ule mkono asiuone leo."

"Mkono gani?"

"Wa mama. Anavyomfukuza."

Wifi akamtazama kama aliyesikia lugha ngeni. Kabla hajajibu, mlango ukafunguliwa.

"Haya, mzigo uko wapi?" dereva akauliza kwa furaha, kisha akamwona dada yake. Kicheko kikamfia mdomoni. Akamwona mkewe ameinama juu ya meza kama aliyekamatwa. Ndipo akaiona picha.

Hakuwa mtu wa picha. Siku nyingine angesema mbona huyu shingo yake ndefu hivi, akacheka mwenyewe. Leo aliitazama tu. Mkewe, kutoka chini pale alipoinama, aliyafuata macho yake yanavyokwenda: shuka, uso wa mama, ule mkono. Yakakaa kwenye mkono muda mrefu. Halafu yakavuka maungio, juu ya vidole vyake yeye mwenyewe, yakafika ukutani.

"Nani amewaambia?" akauliza.

Akasogea mezani hatua moja.

"Nilifika mpaka pale," akasema. "Nilikuwa nimeshavua viatu. Akaniona. Akafanya hivi." Akainua mkono wake, kiganja chini, vidole vikaanguka mara moja. "Akanifukuza. Mtu anakufa, nguvu alizobakiza anazitumia kunifukuza. Ningewaambia nini? Shangazi aliponiuliza, ningemwambia nini?"

"Kaka," wifi akasema.

"Umechora vizuri. Ndivyo ulivyokuwa. Lakini mimi huko maktaba siendi, mdogo wangu. Nisamehe."

"Kaka, tazama tulivyokaa."

"Nimetazama."

"Hujatazama! Mbona tumebanana upande mmoja? Chumba kizima kile, mama mdogo na unene wake, kwa nini tukaliane?" Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Wewe ulikuwa mlangoni, hukusikia, sauti yake ilikuwa imekwisha. Sisi tulikuwa karibu. Alisema, sogeeni, mtoto anaingia. Ule mkono ulikuwa unakuita. Tukasogea. Tukageuka kukutazama, hukuwepo, shangazi akasema mgonjwa anaweweseka."

Dereva akaitazama ile sakafu tupu kando ya kitanda. Aliitazama kama mtu anayepima kama mwili wake unaenea.

"Kila shangazi alipotaka kukaa vizuri, mama alikataa kwa macho," wifi akaendelea. "Tulibanana vile mpaka alipokata roho. Hakuna aliyethubutu kukaa upande ule."

"Saa ngapi?"

"Saa moja kasoro dakika kumi."

Dereva akaketi kwenye kigoda.

"Nilikuwa chini," akasema. "Kwenye gari. Nilijiambia nikipata moyo nitapanda tena. Niliondoka saa moja na robo."

Wifi akapiga ukelele, akaanguka magotini mwa kaka yake, wakashikana na kulia kwa sauti, watu wazima wale, bila kujali nani yuko upande wa pili wa ukuta. Fundi Pembe alitaka kumwendea mumewe kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Lakini gundi ilikuwa bado mbichi, na angeachia, kivuli kingeachana na kitanda. Akabaki ameinama palepale, mgongo unamuuma, machozi yanamdondokea kwenye mikono, akabana.